Taa ya Kumwalika Mwalimu

Mwalimu wetu wa chuo alikuwa kiziwi, na ukikosea herufi moja ya Kurani alikukamata papo hapo. Wageni waliofika Bagamoyo walikuwa hawaamini mpaka wakae barazani kwake wajionee. Alikaa juu ya mkeka, kifimbo mkononi, macho kayakaza kwenye mdomo wa msomaji. Ukiruka neno, kifimbo kinagonga sakafu. "Umemeza. Litoe."

Tulimjaribu kila namna. Siku moja tulikubaliana chuo kizima tuchezeshe midomo bila kutoa sauti, tuone kama atajua. Akatutazama, akaitikia kwa kichwa, akapindua ukurasa. Mkewe ndiye aliyetoka uani kuuliza mbona kimya, kumetokea msiba? Mwalimu alipoelezwa alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Kwangu mimi mmesoma vilevile kama jana," akasema, kisha akatuchapa wote, mmoja mmoja, akiwa bado anacheka.

Masikio yake yalizibwa na homa akiwa mtu mzima mwenye mke, Kurani yote imo kifuani. Kwa hiyo maneno yalibaki kamili. Kilichompotea ni kipimo cha sauti. Alikuwa hajui tena kunong'ona. Akikuinamia sikioni akupe siri, muuza kahawa wa mtaa wa pili anaitika. Nakumbuka alivyomshauri mtu mmoja pale msikitini, kwa upole kabisa, mkono begani, kwamba aoge kabla ya kuposa. Yule bwana alihamia Pangani.

Mimi nilitoroka chuoni kwake kabla ya kuhitimu, na skuli niliishia darasa la tatu. Sioni haya kusema, maana leo wenye vyeti wanakuja kwangu kuomba kazi. Nilianza utingo wa lori, nikabeba matofali, nikajifunza uashi kwa kutazama na umeme kwa kupigwa na umeme. Nyumba za matofali unazoziona kutoka Bagamoyo mpaka Lugoba, uliza nani kazijenga. Watakutajia mimi, na wasiponitaja wana husuda. Lakini Mwalimu hakuniita fundi hata siku moja bila kuongeza kitu. "Fundi asiyemaliza juzuu," aliniita, mbele ya vibarua wangu.

Lililomfanya ajulikane mpaka Kaole si kusoma midomo. Ni mwaliko. Sisi watu wa pwani tunaalikana kwa mdomo. Shughuli ikikaribia hutumwa mtu apite mlango kwa mlango, apige hodi, akaribishwe, asalimie vizuri, ndipo aseme: fulani anakualika, siku fulani, nyumba fulani. Usipofikiwa mlangoni huendi, hata kama ngoma inapigwa nyuma ya ukuta wako. Wote tuko hivyo, ila Mwalimu alizidi. Alitaka aalikwe uso kwa uso, mtu amekaa, mdomo unaonekana.

Mdogo wake aliozesha mtoto wa kiume. Mtu aliyetumwa kualika alikuwa na haraka, akapiga kelele kutoka barabarani, "Mwalimu, harusi Ijumaa!" Mwalimu alikuwa amempa mgongo, anafunga mbuzi. Majirani wakamjulisha baadaye. Hakwenda. Yule mdogo akaja juu.

"Kaka, unaniaibisha! Uliitwa, mtaa mzima umesikia!"

"Basi mtaa mzima ndio ulioalikwa," Mwalimu akajibu.

Wakanuniana miaka. Wakikutana sokoni huyu anatazama samaki, yule anatazama nazi.

Na huyo huyo aliyetaka heshima zote mlangoni kwake, milangoni kwa watu alikuwa balaa. Hodi alipiga, tena kwa sauti ya kuamsha mtaa, lakini "karibu" hakuisikia, wala "subiri" hakuisikia. Alihesabu kimoyomoyo kisha akaingia. Amewakuta wake za watu wanajifukiza, amewakuta watu wanagombana, na mimi alinikuta nimekaa ndani ya beseni. "Wenye adabu wangenizuia," alisema alipolaumiwa. Mwishowe kina mama wa mtaani wakabuni lao: kanga ikitundikwa mlangoni, Mwalimu asubiri, ikiondolewa, aingie. Jambo likaisha. Aliipenda sana kanga ile. Alisema ni watu wa kwanza waliomjibu hodi tangu homa.

Sasa nije kwenye ukumbi.

Miaka ile baada ya uhuru kila mji ulitaka ukumbi wake. Tulijenga kwa kujitolea, na msimamizi nilikuwa mimi. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alikuwa na hofu moja, moto, na alikuwa na haki. Mji ule umeona nyumba za makuti zikiteketea safu nzima kabla maji hayajafika. Akaagiza kengele ya umeme kutoka Dar es Salaam. Siku ninaifunga ukutani, Mwalimu akaingia bila hodi, maana jengo lilikuwa halina mlango bado.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hiyo nini?"

Nikashuka ngazi nimwelekee. "Kengele ya moto. Mtu akiona moto anabonyeza hapa, inalia jengo zima, watu wanatoka."

"Na mimi?"

"Wewe utaona wenzio wanatoka."

"Nikiwa nimewapa mgongo? Nikiwa msalani? Nikiwa peke yangu chumbani?"

Nikageuza bisibisi mkononi.

"Fundi," akasema, na kwa mara ya kwanza hakuongeza kitu, "harusi mnanialika. Maziko mnanialika. Kwenye kuokoka ndiko mnapita mlangoni kwangu kimya?"

Alitaka taa. Kengele ikilia, na taa iwake na kuzima, iwake na kuzima, mahali ambapo kiziwi ataiona. Nikampeleka mbele ya kamati mwenyewe. Mwenyekiti alisikiliza huku anapekua makaratasi yake.

"Jengo la watu wote haliwezi kujengwa kwa ajili ya mtu mmoja," akasema.

"Inua uso," Mwalimu akamwambia, "nikuone unavyonikatalia."

Mwenyekiti akainua uso, akarudia yale yale. Mwalimu akashukuru, akaaga, akaondoka.

Siku ya ufunguzi alifika amevaa kanzu yake ya Idi, na nyuma yake viziwi wenzake aliowakusanya mjini na mashambani. Kulikuwa na bibi mmoja msuka mikeka wa Kaole, dobi mmoja, wengine siwakumbuki, na kijana fundi viatu aliyetoka Kiwangwa, ambaye alizaliwa hasikii na hakuwahi kutamka neno. Wakakaa safu ya mbele. Mwenyekiti, kwa kuringia kengele yake, akamwonyesha mgeni rasmi: akabonyeza, ikalia, watu wote wakainuka kutoka nje huku wanacheka na kusukumana. Safu ya mbele haikutikisika. Yule kijana aliona watu wanatoka, akataka kuinuka. Mwalimu akamvuta shati akamkalisha.

Mgeni rasmi akarudi mlangoni. "Wale wazee vipi? Hawatoki?"

Mwalimu akaangalia mdomo wake, kisha akajibu kwa ile sauti yake isiyo na kipimo. "Tunangoja kualikwa!"

Watu wakaangua kicheko. Mgeni rasmi hakucheka. Alimgeukia Mwenyekiti. "Wawekeeni taa."

Taa ile niliifunga mimi, na nasema mpaka leo kwamba wilaya nzima ilikuwa haijaona kitu kama kile. Mhandisi hakuwepo. Nilichukua globu nyekundu, nikaiunga pamoja na kengele kupitia stata ya tyubulaiti, ile inayofanya tyubu ipepese kabla ya kuwaka. Ukibonyeza, kengele inalia na globu inapepesa kama jicho la mtu mwenye hasira. Niliweka moja ukumbini na moja katika chumba kidogo cha pembeni. Mwalimu alikaa katika chumba kile, ameupa mlango mgongo na ukuta wenye taa uko mbele yake, akaniambia nikabonyeze. Nilipobonyeza alitoka mbio mpaka uwanjani, mzee mzima, kanzu kaishika mkononi. "Nimeitwa!" alipiga kelele. "Jamani, nimeitwa!"

Tatizo, globu nyekundu ni kitu kizuri. Na miaka ile globu ya aina yoyote ilikuwa kupata kwa kujuana. Maharusi wakaitaka kwa chumba cha bibi harusi, wapiga tarabu wakaitaka kwa jukwaa. Ile ya ukumbini Mwenyekiti mwenyewe aliiazima binti yake alipoolewa, ikarudi imeungua, na nyingine haikupatikana. Ikabaki ya chumba kidogo. Mwalimu akaomba ufunguo wa chumba, akapewa, na hapo ndipo tulipomjua. Alimkatalia kila mtu. Alimkatalia Mwenyekiti, akamkatalia shangazi yangu aliyemlea mkewe. Nilikuwepo mama mmoja alipombembeleza.

"Mwalimu, baba yangu, Ijumaa tu. Jumamosi asubuhi naileta mwenyewe."

"Moto umekuahidi hautakuja Ijumaa?"

"Mwalimu nawe! Globu moja!"

"Ni sikio moja, mwanangu. Nimebakiwa na hilo."

Ilipokuja elimu ya watu wazima, kila mtu kujifunza kusoma na kuandika, darasa liliwekwa ukumbini baada ya alasiri. Viziwi walikuja. Wenzao waliwacheka kwa sauti wanazotoa na mikono wanayorusha, ndipo Mwalimu akawahamishia chumba kidogo, akafunga mlango, akawafundisha mwenyewe. Sijui aliwafundishaje. Yeye alikuwa msomi wa midomo, na yule kijana wa Kiwangwa mdomo wake haukusema kitu. Lakini walielewana. Kijana yule ndiye aliyewazidi wote. Alipojua kuandika jina lake, akawa analiandika ndani ya kila kiatu anachokishona, kwa wino, pale kisigino kinapokaa. Mimi ninacho kimoja mpaka leo. Mwalimu, aliyekuwa mkali kama pilipili kwa watoto wa watu, kwa kijana huyu alilainika. Hawakujaliwa mtoto yeye na mkewe. Nadhani ni hilo, ingawa ukimwambia angekupiga kifimbo.

Basi yule mdogo wake akaja.

Alikuja asubuhi, peke yake, amevaa vizuri. Nilikuwa barazani kwa Mwalimu nakunywa kahawa. Alipiga hodi, akaitikiwa na mke wa Mwalimu, akavua viatu, akakaa chini kabisa kwenye mkeka, akamwelekea kaka yake, akasema taratibu neno kwa neno.

"Shikamoo, kaka. Binti yangu anaolewa. Sikutuma mtu. Nimekuja kukualika mimi mwenyewe."

Mwalimu alimtazama mdomo muda mrefu baada ya maneno kwisha. Machozi yakamtoka. Hakuyafuta. Wakashikana mikono, mkewe akapiga kigelegele uani, na mimi, nisiyelia, nikatazama barabarani. Ndipo mdogo mtu akasema lile la pili. Binti anaomba taa nyekundu chumbani. Si kwa yeyote, kwa baba yake mkubwa.

Nilimgusa Mwalimu goti anitazame. "Mwalimu, na darasa?"

"Darasa hakuna mpaka Jumatatu. Itakuwa imesharudi." Akanyanyuka akachukua ufunguo.

Ilikuwa harusi nzuri, watu walikula wakabakiza. Lakini mimi na Mwalimu na mdogo wake, wanaume watu wazima, hakuna hata mmoja aliyefikiria fungate. Bwana na bibi harusi wameingia ndani, siku saba hawatoki, na hakuna anayekanyaga chumba kile isipokuwa somo wa bibi harusi, kungwi wake. Jumatatu ikafika, globu imo ndani. Mwalimu akamwendea mdogo wake. Mdogo mtu akasema, kaka, nitamwambiaje somo akang'oe taa juu ya kitanda cha maharusi? Watu watasemaje? Na Mwalimu, ambaye kwa adabu za mlangoni alikuwa tayari kununiana miaka, hakuweza kuuvunja mlango ule. Akarudi akafungua darasa.

Moto ulitokea katika fungate hiyo. Mtu alipiga pasi mapambo ya mkutano kwenye stoo inayopakana na chumba kidogo, akaiacha pasi ya mkaa juu ya magodoro ya sufi. Sufi haiungui kwa kelele. Ilifuka, ikapanda darini, na ilipowaka iliwaka kwa pamoja. Kengele ilibonyezwa, ikalia mpaka sokoni tukaisikia. Darasa la ukumbini likatoka lote. Kule chumba kidogo mlango ulikuwa umefungwa, Mwalimu anaandika ubaoni, wanafunzi wake wanamtazama. Ukutani pale mbele yao holda ya globu ilikuwa tupu.

Mke wa Mwalimu alikuwa darasa la ukumbini. Uwanjani alitazama huku na huku, akauliza, "Wenzetu wako wapi?" akarudi ndani hajajibiwa. Yeye ndiye aliyeufungua mlango. Moshi ulikuwa umeshashuka kwenye vichwa vyao na ujia ulikuwa unawaka. Walitoka wakishikana nguo. Kijana fundi viatu alimbeba bibi wa Kaole mpaka kizingitini, akamsukuma mbele, na dari likamwangukia yeye. Tulipofika na ndoo tulimtoa akiwa hai. Hospitali walimlaza. Hakumaliza wiki.

Mwenyekiti alisema globu imepasuka kwa joto. Mimi nilikwenda kutazama, maana kazi ni yangu. Globu iliyopasuka huacha kitako chake kwenye holda. Hakikuwepo kitu. Nilipogeuka Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yangu ndani ya majivu, mikono imefungwa bendeji.

"Niliitoa mimi," akasema, na mtaa mzima, kama ungekuwepo, ungesikia.

Mdogo wake alimwomba anyamaze. "Kaka, ni kudra. Ukilisema, utamtia mwanangu nuksi, ndoa haina hata mwezi. Utamrudisha yule kijana?" Mke wa Mwalimu naye alimwomba. Mimi sikumwomba lolote, lakini sikulisema popote. Kule Kiwangwa mama wa marehemu alipelekewa maiti na salamu za rambirambi, akaambiwa moto ni moto.

Mwalimu alifunga chuo. Wazazi walimfuata akawaambia macho yamechoka. Watu waliendelea kumwalika, tena kwa adabu zote, wanakaa, wanamwelekea. Alisikiliza, akashukuru, hakwenda. Kuna siku mimi mwenyewe nilikwenda kumwalika nilipofungua nyumba yangu ya wageni pale Chalinze, ambayo kila chumba kina taa nyekundu ndani ya wavu wa chuma niliouchomelea kwa mkono wangu. Nilitaka aione. Alinitazama mdomo mpaka mwisho. "Umefanya vizuri," akasema. Hakuja.

Mara ya mwisho kuwa naye siku nzima, nilikuwa napeleka saruji Lugoba kwa njia ya Kiwangwa. Nilimkuta kando ya barabara nje ya mji, kanzu ya Idi, bakora, peke yake. Nikasimamisha lori.

"Unapita Kiwangwa?"

"Napita, Mwalimu. Panda."

Tulipofika akaulizia nyumba ya mama wa fundi viatu, nikamsindikiza, kwa kuwa mtu akielekeza njia hugeuza uso. Tulimkuta uani amekaa juu ya kinu kilicholazwa, anamenya mihogo. Alitukaribisha, akatupa mkeka. Mwalimu hakukaa. Alimwambia akiwa amesimama, na nilishangaa sauti ilivyokuwa. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue ilikuwa sauti ya chini, ya kawaida, kama ya mtu anayesikia.

"Mama, kulikuwa na taa ya kuwaita watu kama mimi na mwanao. Ningeiacha mahali pake, tungeiona mapema. Niliing'oa mimi, nikaipeleka harusini."

Kisu hakikusimama. "Harusi ya nani?"

"Ya mtoto wa ndugu yangu."

"Ilikuwa nzuri?"

"Ilikuwa nzuri."

Yule mama akaweka muhogo kwenye sufuria. Akavuta upindo wa kanga akaziba mdomo, akasema alilolisema humo humo ndani ya kanga, machozi yanamshuka juu yake. Mwalimu akainama mbele, akanyoosha shingo, akautafuta ule mdomo, asiuone. Mama akanyanyuka akaingia ndani na sufuria yake.

Tulirudi kwenye lori. Nikawasha injini, nikaondoka. Hatujafika mbali akanishika mkono wa usukani.

"Kasema nini?"

Mimi nimejenga maisha kwa mdomo huu. Nimewauzia watu viwanja vya mawe wakashukuru. Nilikuwa nayo maneno tayari, mazuri, ya kumtosha mpaka kaburini, na hakuna duniani ambaye angekuja kunisuta.

Niliegesha lori pembeni. Nikazima injini, kwa nini sijui, maana kwake haikuwa na tofauti. Nikageuka mpaka jua likaniangukia usoni.

"Kasema amesikia," nikamwambia. "Kasema kusamehe bado."

Akautazama mdomo wangu.

"Neno la mwisho," akasema. "Lirudie."

"Bado."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama alivyokuwa akiitikia mtoto asiyeruka herufi. Kisha akaniambia twende, nisichelewe na saruji yangu.